Kibali cha Kufungwa

Msiitafute nchi hii kwenye ramani. Jina lake limepelekwa kufanyiwa ukarabati, na fundi aliyepewa kazi hiyo bado anasubiri rangi. Lakini watu wake wapo, wanakula, wanalala, wanashangilia mpira, na wanaye Mlezi Mkuu anayewapenda kuliko wanavyojipenda wenyewe, jambo ambalo huwakumbusha kila anapopata kipaza sauti.

Siku moja Mlezi Mkuu alikuwa akihutubia mkutano wa hadhara. Upepo ukapeperusha karatasi ya hotuba, naye, kwa kuwa si mtu wa kukwama, akaendelea kwa kichwa. Akasema, "Katika nchi hii hakuna mtu anayefungwa!" Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Magereza yalikuwa yamejaa pomoni. Ila Mlezi Mkuu hajawahi kusema uongo tangu azaliwe, na Katiba inalieleza hilo waziwazi. Basi ikiwa hotuba na magereza vinapingana, kimojawapo lazima kibadilike, na hotuba ilikuwa imeshatangazwa redioni.

Kazi akapewa Dakta Luhende, Katibu wa Wizara ya Maneno na Michezo. Ndiyo, ni wizara moja. Ziliunganishwa zamani, ilipogundulika kuwa zote mbili zinatumia filimbi. Kulipokucha magereza yote yalikuwa yameandikwa mlangoni "Kambi ya Mazoezi", na neno "kufungwa" limeondolewa katika lugha pamoja na ukoo wake wote. Maduka hayakufungwa tena jioni, yalipumzika. Vifungo vya mashati vikawa vishikizo. Maharusi hawakufunga ndoa, waliianza tu, na mashehe wakaombwa wautafutie mwezi mtukufu neno jingine. Semina moja ya kilimo cha muhogo, iliyokuwa imefunguliwa na waziri wiki ile, haikupata mtu wa kuthubutu kuifunga, nayo inaendelea mpaka leo. Washiriki wake wawili wameanza ndoa humo humo ndani, na mjukuu wa mtoa mada anasaidia kubeba chati.

Mambo yakaharibika kwenye mpira. Mlezi Mkuu alikuwa na timu yake ya moyoni, Nyundo. Jumapili moja akasikia redioni, "Nyundo wamepokea mabao manne." Akafurahi mno. Akawaita wachezaji Ikulu, akampa kila mmoja ng'ombe na maneno ya kutia moyo. Kipa, mtu mwenye haya, akashindwa kuvumilia.

"Mheshimiwa, utusamehe," akasema, "sisi tumefungwa."

Waziri mmoja akazirai, na wa pili yake akazirai ili asionekane amebaki wima. Ng'ombe wakarudishwa zizini, kipa akaitwa kambini, na Mlezi Mkuu akalalamika kwamba amechoka kushangilia kwa kubahatisha. Ndipo Dakta Luhende akatoa msamaha mmoja tu: neno "kufungwa" litumike katika kurasa za michezo, na waandishi wa michezo wenye kibali, basi.

Katika jarida la Upeo wa Juma, kibali hicho alipewa Ngwali Mtumweni. Kililetwa kimoja, kwa sababu kiti cha pili cha meza ya michezo kilikuwa tayari hakina mtu.

*

Upeo wa Juma hutoka kila Alhamisi, na mpira huchezwa Jumapili. Mpaka Alhamisi ifike, kila mtu ameshajua nani kashinda, ameshabisha, ameshagombana na shemeji yake na wameshapatana. Ngwali alilijua hilo, naye aliandika hivyo hivyo, kwa nahau nzito nzito, habari ambazo watu walikuwa wameshazisahau. Ukurasa wake ulipendwa zaidi na wauza maandazi, walioutaja mara kwa mara kuwa unanyonya mafuta vizuri.

Hakuona uchungu, maana hakuwa peke yake. Alikuwa na Mwinshehe Kitogo, na wawili hawa walikuwa na mtindo wao wa kazi ambao hakuna jarida jingine lililouiga wala lililouelewa. Mwinshehe aliandika kipindi cha kwanza. Ngwali aliandika kipindi cha pili. Mwinshehe alikuwa mtu wa papara, anayependa mwanzo wa kila kitu. Ukimpa chai anakunywa nusu. Ngwali alikuwa mtu wa kumalizia. Jumatatu asubuhi waliketi wakitazamana na kuanza kuzozana.

"Ulimwona yule beki alivyolala?" Mwinshehe angeuliza.

"Nimwone wapi? Hicho si kipindi changu."

"Ngwali, si ulikuwa umekaa na mimi pale pale!"

"Nilikuwa napumzika, nasubiri zamu."

Hapo wangecheka mpaka mhariri agonge ukuta. Ngwali hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na Mwinshehe na kipindi cha pili, na kwa kweli hakuwahi kuona kwamba kuna kitu kimepungua.

Kisha ukazinduliwa uwanja mpya wa taifa. Ulikuwa na bendera kila kona, viti vya marumaru, na lifti ya kumpandisha Mlezi Mkuu kutoka kwenye gari lake mpaka kwenye kiti chake. Waandishi walikaribishwa waulize maswali ya pongezi. Mwinshehe akasimama, na papara zake, akauliza, "Nyasi ziko wapi?"

Maana chini palikuwa udongo mtupu, mwekundu, na mbuzi mmoja amesimama katikati amekosa la kula.

"Swali zuri sana," akasema Dakta Luhende.

Katika nchi ile swali likishaitwa zuri sana, muulizaji huaga. Jioni hiyo watu wa wizara walimpitia Mwinshehe pale pale uwanjani, kabla hajalikunja daftari lake. Ofisini likaja tangazo kwamba ameitwa kambini. Hakuna aliyetaja tena jina lake. Mhariri, Bi Arafa Chongolo, alikuwa na miwani ya aina mbili, ya kusomea na ya kutosomea, na tangu siku hiyo ile ya kusomea haikuonekana mezani.

Ngwali alipoketi kuandika, mkono ukagoma. Kipindi cha kwanza hakikuwa chake. Angekiandika vipi? Basi habari za mpira za Upeo wa Juma zikawa zinaanzia mapumziko: "Timu ziliporudi uwanjani, mambo yakabadilika." Yakabadilika kutoka wapi, msomaji hakuambiwa. Hakuna aliyeuliza, maandazi yalikuwa matamu vilevile.

Aliendelea kuchemsha chai ya watu wawili. Alikunywa kikombe chake, akakitazama kile kingine mpaka kipoe, kisha akakimwaga dirishani. Mara nyingine alijikuta anasema kwa sauti, "Hicho si kipindi changu," halafu anageuka kuona kama kuna aliyemsikia. Chumba kizima hakuna mtu. Upweke ule ulimkaa kifuani, na asingeweza hata kuulalamikia, kwa kuwa rasmi hakuna aliyeondoka.

*

Ijumaa moja alikwenda kumjulia hali Mwantumu, mke wa Mwinshehe. Alimkuta sebuleni na keki kubwa ya rangi ya bendera, imekatwa kipande kimoja.

"Karibu, shemeji. Kula keki. Kaileta mama wa nyumba ya kona."

"Kuna nini?"

"Ananipa hongera. 'Hongera, shoga, mumeo kachaguliwa timu ya taifa.' Mwinshehe, shemeji! Na lile goti lake! Kupanda ngazi tu mpaka nimshike mkono."

"Labda mama wa watu hajui."

"Anajua kama ninavyojua mimi. Lakini ananitazama usoni, anacheka, na mimi nacheka, tunakula keki. Kila wiki wanakuja. Yule wa duka kaniletea jezi. Wakishaondoka nakaa hapa najiuliza, pengine mwenye wazimu ni mimi. Pengine kweli yuko kambini anakimbia."

Ngwali alishika kipande cha keki, hakukila. Alitaka kumwambia kwamba na yeye hujiuliza hivyo hivyo, akaona aibu.

"Sikuombi arudishwe," Mwantumu akaendelea. "Hilo haliko mikononi mwako wala mwangu. Nataka mtu mmoja tu alitamke. Aseme, Mwantumu, mumeo kafungwa. Nikilisikia limesemwa nitakaa chini nilie kama wanavyolia watu. Sasa hivi hata kulia siwezi. Nalilia nini, mume aliyechaguliwa timu ya taifa?"

"Neno lenyewe limekatazwa, shemeji."

"Wewe si unacho kibali?"

Ngwali akakitoa mfukoni, kama vile alikuwa amekisahau. Kilikuwa na muhuri mkubwa na maandishi ya kujipinda: Kibali cha Kufungwa. Mwenye kibali hiki anaruhusiwa kufungwa kwa maandishi, kwa mambo ya uwanjani tu.

"Unaona?" akasema. "Ni mambo ya uwanjani tu."

Mwantumu akakigusa kile kibali kwa kidole.

"Na yeye, shemeji, walimkamatia wapi?"

*

Jumatatu Ngwali alichemsha chai ya watu wawili, akaketi kwenye kiti cha Mwinshehe. Kiti kilikuwa na mguu mmoja unaocheza. Miaka yote waliyokaa pamoja hakuwahi kulijua hilo. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake akaandika kipindi cha kwanza. Akakipeleka kwa Bi Arafa mwenyewe, kwa mkono.

Bi Arafa alivaa miwani ya kutosomea. Akaishika ile karatasi muda mrefu kuliko mtu asiyesoma anavyoshika karatasi.

"Huu ni mpira?" akauliza.

"Ni mpira, Bi mkubwa."

"Kibali chako hakijakwisha muda?"

"Bado."

"Basi mimi ukurasa wa michezo huwa siusomi. Nilikuwa nausoma zamani, kipindi cha kwanza tu. Kilikuwa kinachekesha." Akaigonga muhuri, akamrudishia bila kumtazama. "Nenda, Ngwali. Funga..." Akajikamata. "Rudisha mlango."

Alhamisi jarida likatoka, na katika ukurasa wa michezo, mahali pa habari ya Nyundo, palikuwa pameandikwa hivi:

"MWINSHEHE AFUNGWA UGENINI. Katika mchezo uliochezwa bila watazamaji, Mwinshehe Kitogo wa jarida hili alifungwa bila majibu. Alikuwa peke yake upande wake. Wapinzani walikuwa wamekamilika, na refa alikuwa wao. Alifungwa mapema, kabla hajaugusa mpira, baada ya kuulizia nyasi. Mkewe, shabiki wake mkubwa, hakuruhusiwa kuingia uwanjani, na matokeo hayajatangazwa mpaka leo. Tunayatangaza sisi. Amefungwa. Hajachaguliwa timu yoyote. Ana goti bovu, na tunamkumbuka."

Wauza maandazi walikosa karatasi siku ile. Watu walisoma ukurasa wa michezo wakiwa wamesimama barabarani, midomo inacheza, na walipofika kwenye lile neno walilirudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi baada ya kuugua. Mama wa nyumba ya kona akaenda kwa Mwantumu mikono mitupu, bila keki. Hakusema hongera. Akasema, "Pole, shoga, mumeo kafungwa," na wote wawili wakaketi sakafuni wakalia mpaka jioni. Mwantumu alisema baadaye kwamba hakuwa amekula wala kulala vizuri kama siku ile tangu mumewe achukuliwe.

Ofisini alikuja mzee mmoja mwenye kofia mkononi, akasimama mbele ya meza ya michezo.

"Mwanangu naye alifungwa," akasema. "Mechi ya zamani kidogo, sijui kama mnaandika za zamani."

"Sisi habari zetu zote ni za zamani," Ngwali akamjibu. "Niambie jina lake. Itatoka Alhamisi ijayo."

*

Hiyo Alhamisi ijayo haikumkuta Ngwali mezani.

Wizarani walikutana wakubwa wote, na Dakta Luhende akawafafanulia jambo kwa utulivu mkubwa. "Waheshimiwa, mwandishi huyu ametangaza matokeo. Matokeo yakiwa ya kweli, basi kuna mtu amefungwa. Akiwapo mtu aliyefungwa, Mlezi Mkuu alisema uongo. Mlezi Mkuu hasemi uongo. Kwa hiyo matokeo ni ya uongo, na Mwinshehe hakufungwa. Nani anaweza kunionyesha kwamba hakufungwa?"

Wakatazamana. Katibu Msaidizi akainua kidole. "Labda tumtoe, Dakta."

"Hatumtoi, bwana, kwani aliingia wapi? Tunamwonyesha."

Ndivyo ilivyokuwa. Waandishi wote wakaitwa uwanja wa taifa, kwenye udongo mwekundu, mbuzi akiwa angali pale, amekonda. Ngwali aliletwa na watu wawili, mmoja kila bega. Dakta Luhende akapanda jukwaani, akakohoa.

"Ndugu wanahabari! Wapo wenye roho za kwa nini, wanaozusha kwamba katika nchi hii mtu amepata lile tukio la michezo. Mimi si mtu wa maneno mengi, ingawa nimeyasomea. Tazameni wenyewe!"

Mlango wa upande wa pili ukafunguliwa, akatoka Mwinshehe. Alivikwa suti ya mazoezi ya timu ya taifa, inampwaya, na mgongoni ana namba ndefu ambayo hakuna mchezaji duniani amewahi kuivaa. Alikuwa akichechemea. Waandishi wakapiga makofi, kwa maana waliagizwa.

"Kambi ilikuwaje?" Dakta Luhende akamwuliza.

"Nzuri," akasema Mwinshehe.

"Basi huyu hapa hajapatwa na lolote! Na kwa kuwa amemaliza mazoezi yake salama, na ndugu Ngwali ameonyesha kwamba upeo wake wa michezo umechoka, wizara imeamua kwa moyo mweupe kumwita Ngwali kambini. Ni badiliko la kawaida. Mmoja anaingia, mmoja anatoka."

Wakaanza kutembezwa, mmoja huku, mmoja kule, na katikati ya ule udongo wakapishana. Uwanjani ipo desturi moja ambayo hata wizara hawakuifikiria kuikataza: anayetoka humgusa mkono anayeingia. Ngwali akainua mkono. Mwinshehe akaupiga, kisha akaushika, akauzuia kidogo.

"Lala upande wa ukutani," akamnong'oneza haraka haraka. "Kwingine panavuja."

"Kiti chako kina mguu mbovu," Ngwali akajibu. "Mbona hukuniambia?"

"Ungenihurumia, nami sitaki." Macho ya Mwinshehe yalikuwa yamejaa. "Ndugu yangu, nani atakuulizia wewe?"

Ngwali alitaka kujibu, lakini bega likavutwa. Lile swali akaondoka nalo. Mwinshehe alikuwa na Mwantumu wa kumwulizia. Yeye nyumbani aliacha birika na vikombe viwili.

*

Baada ya hapo vibali vyote vikanyang'anywa, na neno likakatazwa hata uwanjani. Timu zimerudi kupokea mabao, na Mlezi Mkuu amerudi kugawa ng'ombe. Inasemekana timu zote siku hizi zinajitahidi sana kuwa za mwisho, na kipa bora wa taifa ni yule anayepisha. Kipa wa kwanza kuitwa kambini, yule mwenye haya, hajarudi. Yule mzee mwenye kofia alikwenda tena ofisini, akasimama, akaondoka.

Kambini Ngwali alilala upande wa ukutani, na kweli kwingine palivuja. Alipewa chumba cha peke yake, kwa heshima ya taaluma yake. Hakuna aliyezungumza naye. Alianza kusahau sauti yake. Siku moja alipiga chafya akadhani kuna mgeni. Kilichomuuma zaidi si ukuta wala uji, bali kuwaza kwamba huko nje nafasi yake imejifunika yenyewe, kama maji yanavyojifunika ukitoa mkono.

Asubuhi moja mlinzi alimwachia andazi mlangoni, limeviringishwa karatasi. Ngwali akala, kisha kwa mazoea akaikunjua ile karatasi. Ilikuwa Upeo wa Juma, ukurasa wa michezo, wa wiki kadhaa nyuma. Hilo halikumsumbua, kwake habari zilikuwa hivyo siku zote.

Ilikuwa mechi ya Nyundo, na ilikuwa na papara za Mwinshehe kila mstari: beki amelala chini anatafuta penalti, refa anatafuta saa yake, kocha anatafuta wa kumlaumu. Ngwali akacheka, akashtuka kusikia kicheko. Akaendelea kusoma kwa hamu, na mara habari ikakatika: "Mpaka mapumziko, timu moja ilikuwa imebaki na pengo upande wa kulia, na hakuna aliyeingizwa kuliziba."

Basi. Akadhani karatasi imechanika. Akaigeuza, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akapapasa ukingo wake kwa kidole. Haikuwa imechanika. Chini ya ule mstari palikuwa peupe, nafasi kubwa ya kutosha kipindi kizima, safi, imeachwa makusudi, na pembeni muhuri wa Bi Arafa. Mafuta ya andazi yalikuwa yameulowesha ukurasa wote isipokuwa hapo.

Ngwali aliitazama ile nafasi mpaka macho yakafanya ukungu. Alilia, na hakujificha, kwa kuwa sasa alijua analilia nini. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa shati, akaketi vizuri upande wa ukutani, akakohoa kusafisha koo.

"Timu ziliporudi uwanjani," akaanza, kwa sauti, "mambo yakabadilika."